4WD ya bei nafuu kwa msimu wa mvua: kagua nini kabla ya kulipa

Magari mengi ya 4WD, yaani yanayoweza kuvuta kwa magurudumu yote manne, yanayouzwa kwa bei nafuu kwenye yadi za Nakuru na Kisumu yalitoka Japani, na huko wengi huyanunua kwa sababu ya theluji. Kazi yake kubwa ni kupanda mlima wa lami unaoteleza asubuhi ya baridi. Theluji ya Japani hulimwa, na chini yake kuna barabara ngumu. Udongo mweusi wa Kano au utelezi wa Kuresoi ni kazi nyingine kabisa, kwa hivyo maandishi ya 4WD mlangoni hayatoshi kukufanya utoe pesa.

Anza na barabara unayoitumia Aprili na Mei, kisha tafuta mfumo unaoifaa. Ukiwa na chini ya shilingi milioni moja na nusu utakutana na makundi matatu. La kwanza ni magari yenye gia nzito za chini za mwendo mdogo na nguvu nyingi, yaani 4L: Suzuki Jimny, Escudo ya 2005 hadi 2014, Prado za zamani na pikapu kama Hilux. La pili ni Subaru Forester, ambayo huvuta magurudumu yote manne wakati wote lakini haina 4L. La tatu ni X-Trail, CR-V na RAV4 ya kuanzia 2006. Hizi huvuta mbele tu, na magurudumu ya mbele yakianza kuteleza, koplingi hupeleka nguvu nyuma.

Hilo kundi la tatu ndilo linalowaangusha watu wengi. Koplingi ikizungushwa kwenye tope zito kwa dakika kadhaa hupata joto kali. Kompyuta ya gari huikata ili isiungue, taa huwaka kwenye dashibodi, na gari linabaki kuvuta mbele peke yake mahali pabaya kabisa. Hata X-Trail yenye kitufe cha LOCK, cha kulazimisha nguvu iende nyuma, hurudi kwenye Auto ukiongeza mwendo. Kama una kilomita mbili tatu za murram kutoka lami hadi nyumbani, gari la namna hii litakutosha. Kama nyumbani ni ndani ya Nyando, ambako udongo mweusi hujaza meno ya tairi na kuganda hadi kwenye madigadi, tafuta Escudo au Jimny. Kwa Molo, Nandi Hills na Vihiga, ambako barabara inateleza sana lakini haina kina kirefu, Forester yenye tairi nzuri hufanya kazi vizuri. Forester ya 2008 hadi 2012 imeinuka takriban milimita 220 kutoka ardhini, Escudo takriban 200.

Jambo moja watu husahau ni mwinuko. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Jimny ya sisi 1300 iliyokufurahisha kwenye majaribio Kisumu, kwenye mita 1,100 na kitu, itakuwa nzito ukiibebesha watu wanne na magunia hadi Timboroa.

Sasa ukaguzi. Chunguza tairi kwanza, kabla hata ya kufungua boneti. Kwenye gari linalovuta magurudumu yote, tairi nne lazima zilingane kwa saizi, aina na kiwango cha kuisha. Tairi iliyoisha ni ndogo kwa mzunguko, kwa hivyo huzunguka haraka kuliko wenzake, na difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) au klachi ya kati hulazimika kufidia tofauti hiyo kila mita unayoendesha. Kwa Subaru, mzunguko wa tairi usipishane zaidi ya milimita 6 hivi. Ukiona mbili mpya mbele na mbili kipara nyuma, uliza gari limeendeshwa hivyo kwa muda gani. Soma pia tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na kama ubavuni pameandikwa STUDLESS, hiyo ni tairi ya theluji. Mpira wake ni laini, huisha haraka kwenye lami yetu yenye joto, na haushiki vizuri barabara ikiwa na maji. Weka hela ya tairi nne kwenye hesabu yako.

Ukishaendesha kama dakika 15 na mafuta ya gia yamepata joto, tafuta uwanja mkavu wa lami au saruji. Kata usukani hadi mwisho, weka D, achia breki, na uliache gari litembee lenyewe bila kukanyaga mafuta. Kisha kata upande wa pili. Gari lisilo na hitilafu hutembea laini. Likishtukashtuka au likigoma kana kwamba breki imeshika, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanapigana. Kwenye Forester ya otomatiki sababu huwa mafuta ya gia yaliyochoka, tairi zisizolingana, au klachi ya kati iliyokwisha, na hiyo ya mwisho ni ghali. Jimny na Hilux zijaribu zikiwa 2H, yaani zikivuta nyuma tu, kwa sababu hazina difu ya kati na zitagoma kwenye lami hata zikiwa nzima.

Hapa kuna ujanja wa kuujua. Forester nyingi za zamani za otomatiki zina kishikio cha fyuzi kilichoandikwa FWD chini ya boneti. Ukitia fyuzi hapo, magurudumu ya nyuma hukatwa na ule mshtuko hupotea. Muuzaji asiye mwaminifu huitia, na taa ya FWD kwenye dashibodi huondolewa balbu. Fungua boneti, angalia kishikio hicho. Kinatakiwa kuwa kitupu. Kwenye X-Trail na CR-V, inama chini ya gari uone kama propela (fito ya chuma inayopeleka nguvu nyuma) ipo, maana kuna wenye magari walioitoa baada ya koplingi kufa. Kisha peleka gari kwenye nyasi mbichi zenye mteremko, mwenzako asimame pembeni, si mbele wala nyuma, uondoke kwa nguvu kidogo. Aangalie kama magurudumu ya nyuma yanachimba.

Kwa Jimny zinazowashwa 4WD kwa kitufe, taa ya 4WD ikiwaka haimaanishi magurudumu ya mbele yameshika. Habu zake, zinazounganisha gurudumu na ekseli, hufungwa kwa mvuto wa hewa kupitia mipira midogo, na mipira hiyo hupasuka kwa umri. Fundi akiinua gurudumu moja la mbele huku 4WD ikiwa imewekwa, gurudumu likizunguka ovyo kwa mkono, kuna habu haijashika.

Chini ya gari, tafuta kutu. Magari ya kaskazini mwa Japani hupita kwenye barabara zilizomwagwa chumvi ya kuyeyusha barafu. Kama una karatasi ya mnada wa Japani, herufi S ni kutu na C ni chuma kilicholika. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini kote ni ya kutiliwa shaka. Gonga kwa bisibisi usikie. Mwombe fundi afungue nati ya difu atoe tone la mafuta. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Difu yenye joto ikizama kwenye mto hupoa ghafla, hewa ya ndani husinyaa, na maji huvutwa kupitia kibomba cha kupumulia au sili iliyochoka. Inua pia kapeti na utazame reli za viti: kutu na matope mle ndani ni dalili ya gari lililozama kwenye mafuriko, na nyaya zake zitakusumbua kwa miaka.

Forester yenye injini ya EJ ina taimingi belti, na ikikatika valvu hupinda. Bila risiti ya kuibadilisha, hesabu kwamba haijabadilishwa. Zisizo na turbo za kuanzia mwisho wa 2010 zina cheni. X-Trail ya 2007 hadi 2013 yenye gia za CVT (otomatiki isiyo na hatua za gia) hutumia mafuta ya NS-2. Ukitia ATF ya kawaida, yaani mafuta ya gia za otomatiki nyingine, unaua gia boksi.

Kumbuka kwamba 4WD haisaidii kufunga breki. Kwenye mteremko wa utelezi inayokuokoa ni tairi na gia ya chini, kwa hivyo usinunue tairi zenye meno chini ya milimita 4 ukitegemea mfumo.

Kuhusu makaratasi, tafuta rekodi ya gari kwa NTSA kupitia eCitizen, na ulinganishe nambari ya chesisi na iliyochongwa kwenye gari lenyewe. Ukiagiza kutoka nje, Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza.

Sisi hukagua magari kwa wanunuzi hapa Nakuru, na ukaguzi wetu unahusisha yote haya, pamoja na kuinua gari na kutazama mafuta ya difu zote. Panga ukaguzi wa asubuhi, na mwombe muuzaji asiliwashe gari kabla hatujafika kwake, au kabla halijaletwa kwetu likiwa limebebwa: injini ikiwa baridi ndipo moshi na kelele za kuwasha husikika na kuonekana.