Barua ya Kufunga Muhula kwa Wazazi na Walezi

Ndugu Wazazi na Walezi,

Salaam. Shule inafungwa Ijumaa saa nne asubuhi. Ripoti mtakabidhiwa wenyewe, hatumpi bodaboda. Kidato cha Pili wamepanda, Hisabati bado.

Habari kubwa mmeshaisikia: vijana wetu wameifunga 1–0, katika UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya, shule ile ya mjini iliyotuchapa mwaka jana. Asubuhi ya mechi niliwasimulia paredi habari za Centre, chuo kidogo cha Danville, Kentucky, ambacho wanafunzi wake hawakufika hata mia tatu. Mpira wao ni ule wa Kimarekani, wa kukimbia nao mikononi. Mwaka 1920 walikwenda kucheza na Harvard wakafungwa 31–14. Wakarudi Oktoba 29, 1921. Harvard haikuwa imepoteza mchezo hata mmoja katika misimu miwili iliyotangulia. Kipindi cha pili Bo McMillin wa Centre akachomoka na mpira yadi 32, Centre wakashinda 6–0. Hadi mwisho wa Desemba timu zote walizokutana nazo msimu ule zilikuwa zimepata kwao pointi 6 tu. Januari 2, 1922 Texas A&M ikawafunga 22–14, na McMillin alikuwa amefunga ndoa asubuhi ya siku hiyohiyo. Wazazi wa Kidato cha Nne mnajua kwa nini sikukiruka kipande hicho.

Niliwaambia pia kwamba Danville watu walishangilia kwa kuandika C6 H0, yaani Centre 6 Harvard 0, kwenye kuta za mji. Basi usiku wa ushindi wetu, ukuta wa maabara, uliopakwa rangi kwa michango yenu, ukaandikwa matokeo kwa herufi kubwa kama mlango. Mwaka mzima wa mazoezi ya wale vijana wa Centre haukuwaingia wanafunzi wetu. Kilichowaingia ni rangi! Na aliyeshika brashi ni golikipa, niliyekuwa nimempa mkono mbele ya shule nzima mchana uleule. Alipoulizwa akajibu kwamba ni historia. Yeye na wenzake wanne watarudi na mzazi, siyo kaka wala mjomba wa kukodi, pamoja na ndoo ya rangi nyeupe, na watapaka wenyewe.

Jumatatu iliyofuata nusu ya Kidato cha Tatu hawakuonekana darasani. Timu ina wachezaji kumi na mmoja. Hao wengine walichoshwa na nini? Mzazi anayempigia mwalimu wa zamu kusema mtoto anaumwa, huku mtoto anasikika nyuma akicheka, anatuvunjia heshima.

Ada. Yupo mzazi aliyekodi Noah mbili kuleta washangiliaji na vuvuzela, nasi tulimshukuru. Mzazi huyo anadaiwa mihula miwili. Wapishi wanadai mishahara, na muuza maharage ameacha kutukopesha. Orodha ya wadaiwa itabandikwa getini siku ya kufungua, na mwanafunzi asiye na risiti ya benki hatapita, hata akiwa mfungaji wa goli.

Vifaa ni vilevile: fyekeo, ufagio wa chelewa, ream moja ya karatasi.

Wenu katika kazi,
Mkuu wa Shule