Shukrani kwa dada wa koti la njano

Jioni ile klabu yetu ya mbio ilikuwa kwenye mazoezi ya mlimani, theluji chini, upepo mkali juu. Karibu na kilele niliteguka kifundo cha mguu. Mkimbiaji hupata joto kwa kukimbia. Akisimama, jasho lililolowesha nguo humgeuka, na haichukui muda meno kuanza kugongana. Yangu yaligongana.

Dada mmoja wa kundi la mbele, ambaye jina lake silijui hadi leo, aliona taa yangu imesimama akarudi. Hakuwa na maneno mengi. Kwanza alinitoa kwenye upepo, nyuma ya mwamba, akanikalisha juu ya mkoba wake nisigusane na theluji. Akanivua fulana iliyolowa, akanivisha yake kavu ya sufu, kisha kofia na glavu za akiba. Kiatu alikiacha mguuni: alisema nikikivua, mguu ukavimba, hautarudi ndani. Alikuwa na chai ya moto yenye sukari (nani hubeba chai mlimani? Yeye). Akampigia kiongozi wa mazoezi, akamweleza hasa tulipo, tukashuka pole pole, mkono wangu begani mwake, yeye upande wa bondeni.

Mazoezi yake yaliishia hapo, na sikumsikia akiyataja.

Dada, ahsante sana. Fulana nimeifua, iko kwa kiongozi. Nanyi wenzangu, bebeni nguo kavu ya ziada, na mkiona taa ya nyuma haisogei, rudini.