Yule mdudu wako mwenye madoa

Rehema mpendwa,

Salamu nyingi. Picha zako zimefika na nimezitazama kwa furaha, maana mdudu huyu nampenda. Umeniuliza kama ni yule wa madoa saba, Coccinella septempunctata, kwa kuwa ni mwekundu na mviringo. Jibu langu ni hapana. Nadhani umempata Harmonia axyridis, mbawakawa wa asili ya Asia aliyeelezwa na mtaalamu wa viumbe Pallas mwaka 1773.

Najua ulianza kwa kuhesabu madoa, ukapata 19. Kwa wa madoa saba hesabu hiyo inafaa, kwa sababu yeye habadiliki sana: matatu kila bawa, na la saba katikati, pale mabawa mawili yanapokutana karibu na kifua. Kwa Harmonia hesabu haikufikishi popote. Wapo wa rangi ya chungwa wasio na doa hata moja, wapo wenye madoa mengi kama wako, na wapo weusi kabisa wenye mabaka mekundu mawili au manne, ambao ukiwaona utaapa ni spishi nyingine. Hata baridi ina mkono wake: pupa, yaani mdudu aliye katika hatua ya kugeuka kuwa mkubwa, akikulia kwenye baridi, weusi huongezeka mgongoni.

Kwa hiyo acha mabawa kwanza, uangalie lile bamba lililo kati ya kichwa na mabawa. Wa madoa saba analo jeusi, lenye baka jeupe kila pembe ya mbele. La huyu wako ni jeupe kama maziwa, na katikati pana alama nyeusi inayosomeka M au W, kutegemea umesimama upande gani. Hiyo ndiyo iliyonishawishi. Wakati mwingine alama hizo huungana zikawa baka moja kubwa jeusi, na hapo ndipo miguu inaposaidia: ya Harmonia ni ya kahawia yenye wekundu, ya wa madoa saba ni myeusi. Kwenye picha yako ya pili mguu mmoja unaonekana kidogo, nami nauona kahawia, ila kivuli kimeufunika.

Tazama pia nyuma kabisa ya mabawa, karibu na ncha. Harmonia wengi wana mkunjo mdogo unaokatisha kutoka upande hadi upande. Urefu hautakusaidia, maana wote wawili wana milimita 5 hadi 8. Na usihofie majani yako: mgongo wake unang'aa, hauna vile vinyweleo vifupi vya jamaa zake wa Epilachna wanaokula mimea. Huyu anakula vidukari, tena kwa wingi.

Ulaji huo ndio uliomtembeza duniani. Watu walimpeleka Marekani na Ulaya ili apambane na vidukari, naye akasambaa kupita walivyokusudia; Uingereza alionekana mwaka 2004. Vidukari vikipungua, hula mayai na lava (wachanga) wa mbawakawa wengine wa familia yake. Hili linaniumiza kweli, kwa sababu wa kienyeji hupungua bila mtu kugundua. Ndiyo maana nakusihi usiandike jina lake kwa kukisia. Rekodi yenye jina lisilo sahihi huficha jambo hilo hilo tunalotaka kulijua.

Sasa nakuomba kitu. Mtie kwenye chupa ya kioo angavu, uiweke kwenye friji kwa dakika chache ili atulie, kisha umpige picha kwa chini, kupitia kioo. Tumbo likiwa na ukingo mwekundu-kahawia, tumemaliza. Likiwa jeusi lote, pamoja na miguu, nitaanza upya. Akitoa majimaji ya njano yenye harufu kali usishtuke, hiyo ni damu yake anayojikingia. Andika tarehe na mmea uliomkuta juu yake, halafu mwachie.

Nasubiri picha kwa hamu.

Rafiki yako,
Mwanaidi