Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Wetu wa Millers Dale

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama mhazini amekwisha kuzisoma, na hatudaiwi. Naomba muda wangu niutumie kwa kazi iliyotushughulisha kuliko zote mwaka huu: historia ya stesheni ya reli ya Millers Dale, Derbyshire, Uingereza.

Kila mgeni tuliyempeleka aliuliza hilo hilo. Kijiji kidogo namna hii, majukwaa matano ya nini? Kampuni ya Midland Railway ilifungua stesheni mwaka 1863, na abiria wa mji wa Buxton walishuka hapa kubadili treni ya London au Manchester. Jukwaani kulikuwa na posta. Wafugaji walileta maziwa yapakiwe kwenda mijini, na matanuri ya chokaa yaliyo kando ya reli yalitoa mizigo mizito. Matanuri hayo bado yamesimama. Shughuli zilizidi hata mwaka 1905 likajengwa daraja la pili juu ya mto Wye, ubavuni mwa lile la kwanza. Yote mawili yapo mpaka leo.

Si wote waliofurahia reli. Mwandishi John Ruskin alilalamika kwamba bonde limeharibiwa ili kila mjinga wa Buxton afike mji jirani wa Bakewell kwa nusu saa, na kila mjinga wa Bakewell afike Buxton. Mimi nawatetea hao aliowaita wajinga. Walikuwa wachuuzi, vibarua na watu waendao kuona ndugu zao.

Kuhusu kufungwa, naomba tuwe waangalifu tunapowasimulia wageni. Lawama zote hutupiwa Dkt. Richard Beeching, mkuu wa reli za Uingereza, na ripoti yake ya 1963 iliyopendekeza reli nyingi zifungwe, lakini njia hii kuu ya reli iliamuliwa ifungwe chini ya Barbara Castle, Waziri wa Uchukuzi. Njia ya reli ya Euston, London, hadi Manchester ilikuwa imekwisha kuwekewa umeme, na abiria wa mbali wakahamia huko. Stesheni ilifungwa Machi 1967, na njia ya reli ikafuata mwaka 1968.

Kilichoiokoa njia hiyo ni kwamba ardhi yake haikukatwa vipande vipande. Mamlaka ya Hifadhi ya Taifa ya Peak District iliichukua, ikafungua Monsal Trail, njia ya matembezi, mwaka 1981. Mahandaki ya reli yalibaki yamefungwa hadi 2011. Sasa mtu hupita ndani kwa miguu au baiskeli, taa zikiwaka. Ofisi ya tiketi imekuwa mkahawa. Kingo za majukwaa zingalipo, na pale zilipolala reli ndipo tulipotembea na watoto wetu.

Majengo yana wa kuyatunza. Waliofanya kazi pale ndio wanaopungua, maana aliyekuwa kijana mwaka 1967 sasa ni mzee sana. Kamati inaomba idhini yenu mwaka ujao tununue kinasa sauti na kulipa nauli za watakaokwenda kuwahoji wazee hao. Mwenye jirani au mgonjwa anayemhudumia aliyewahi kufanya kazi kwenye reli ile, amwombe ridhaa kwanza, kisha amwone katibu baada ya kikao.