Karatasi ya Mpeta

Wete, Pemba
Jumapili, baada ya magharibi

Shoga yangu,

Assalaam alaykum. Mzigo wako nimeupata kwa yule kijana aliyeshuka na boti ya Alhamisi. Vibanio vya nguo 30, vyote vizima. Nilipovimwaga mkekani watu wa hapa nyumbani walinicheka, ati mwalimu ana nguo ngapi za kuanika. Niliwaacha wacheke. Kesho vinakwenda skuli.

Umeniuliza ilikuwaje hata nikabandua kila kitu ukutani na kuanza upya katikati ya muhula. Kwenye simu sikutaka kusema, maana mkosa ni mimi na simu ilikuwa na masikio mengi karibu. Sasa wamelala.

Unakijua chumba changu. Ule ukuta wa chokaa, ukiuegemea bega linabaki jeupe. Gundi haishiki. Mwaka wa kwanza nilipika uji wa unga wa ngano, ukashika kweli, mpaka mende walipopata habari. Asubuhi nakuta karatasi zimeliwa pembe zote nne, katikati pamebaki jina la mtoto tu. Wakati wa masika ndiyo usiseme, karatasi inakunywa unyevu inalegea kama sikio la mbuzi. Basi wazee wakanichangia bao moja la plaiwudi, likapigwa misumari nyuma ya darasa. Darasa lenyewe tunalitumia mikondo miwili, sisi asubuhi na wengine mchana, na mwalimu wa mchana naye ana haki yake. Tulipiga mstari wa chaki katikati ya bao kama watu wanaogawana kiwanja. Upande wangu zinaingia karatasi 9. Watoto ninao 58.

Sasa 9 katika 58 unachaguaje? Nilichagua kama tulivyokuwa tukifanya tangu mazoezi ya kufundisha, tulipokuwa chuo cha ualimu cha Nkrumah: mwandiko umekaa juu ya mstari, hakuna kufutafuta, rangi haikutoka nje ya mchoro. Wiki hii wale 9, wiki ijayo 7 kati ya walewale 9. Sikuona kasoro yoyote mpaka siku moja nimeinama nakusanya madaftari nikamsikia mmoja anamwambia mwenzake, "Lile bao la wenye rangi." Nikageuka kuliangalia. Wallahi kweli. Kila aliyebandikwa alikuwa mtoto mwenye mkebe wa penseli za rangi. Muhula mzima nilikuwa nabandika mikebe.

Basi nikajiona nimeerevuka. Nikasema kuanzia leo sitazami usafi, natazama maneno. Na hapo ndipo nilipoharibu.

Ulikuwa msimu, karafuu zimeanika majamvini kila uwanja, darasa nusu tupu kwa sababu watoto wako mashamba na wazee wao. Waliokuja nikawapa insha ya msimu wa karafuu. Unajua wanavyoandika: karafuu ni zao la biashara, karafuu hustawi sana Pemba, karafuu hutuletea fedha za kigeni. Insha 20 kama zimetoka kinywa kimoja. Kisha nikafika kwenye ya msichana mmoja anayekaa karibu na mlango, mtoto ambaye ukimwita kwenye ubao anaangalia vidole vya miguu. Naikumbuka kwa moyo:

"Siku ya mpeta tunaamka kabla ya adhana. Mama anabeba polo mimi nabeba kopo la maziwa. Hatuwashi tochi. Mpeta unaujua kwa mguu, unauma kama jino la mtoto. Mtu akikohoa unakaa chini unajifanya kisiki."

Wewe wa Makunduchi, kwenu mawe na mwani, labda nikueleze. Mpeta ni zile karafuu zilizodondoka zenyewe chini ya mti. Hazina bei ya zile zilizochumwa mtini na kuchambuliwa, lakini ni karafuu, na mnunuzi hakosekani. Ukiokota chini ya mkarafuu wako, riziki yako. Ukiokota chini ya mkarafuu wa mtu, tena kabla ya adhana na tochi imezimwa, hilo lina jina jingine na sheha wa mtaa analijua.

Hayo yote mimi nayajua, nimezaliwa hapa. Ila nilipoisoma sikuiona habari ya wizi, niliona "unajifanya kisiki" tu. Nilifurahi kama niliyeokota pete. Nikaandika Vizuri sana kwa kalamu nyekundu, nikaibandika katikati ya bao, Jumatatu. Jina lake juu, la baba yake, na la babu yake.

Alhamisi kikawa kikao cha wazee.

Walipomaliza habari za michango wakazunguka kutazama kazi za watoto, na mimi nimesimama pembeni najichekesha. Mzee mmoja mwenye shamba, mtu mzima mwenye heshima zake, akavaa miwani akaanza kuisoma ile karatasi kwa sauti ili wenzake wasikie. Alipofika kwenye kisiki akacheka, wakacheka wote. Kisha akanyamaza, akapandisha macho kwenye jina. Akasoma jina polepole, la kwanza, la pili, la tatu. Akavua miwani akaikunja. Hakuuliza kitu. Mama wa mtoto alikuwa kakaa dawati la nyuma kabisa, nikamwona anauvuta mtandio mpaka puani.

Shoga, nilitamani ardhi ipasuke.

Mtoto hakuja Ijumaa, hakuja Jumatatu, hakuja Jumanne. Siku ya pili yake mchana nikaenda kwao. Nilimkuta mama anatwanga kisamvu, akanipa kibao nikakaa, akanitengenezea chai ya mchaichai, tukazungumza habari za mvua, kikohozi, bei ya unga. Mimi nashindwa pa kuanzia. Mwisho yeye ndiye aliyeanza. Akasema, "Mwalimu, mimi sikusoma. Daftari la mwanangu naliona limejaa tu, sijui limejaa nini. Siku ile ndiyo mara ya kwanza kusikia alichoandika." Akatwanga kidogo, akasita na mchi mkononi. "Aliandika kweli anajifanya kisiki?" Nikamwambia kweli. Akacheka, cheko fupi la puani, kisha akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akaendelea kutwanga.

Nilimwomba radhi. Alinisamehe kwa mdomo, na moyoni nadhani ananisamehe kidogo kidogo. Mtoto karudi. Yule mzee mpaka leo hajasema neno, si kwangu, si kwao, si kwa sheha, na ule unyamavu wake ndio unaoninyima usingizi. Siri ya mtungi aijuaye kata, mimi nikaichukua kata nikaitundika ukutani watu waione.

Kwa hiyo ndiyo maana ya vibanio. Nimeacha kuchagua. Au tuseme nimeacha kuchagua peke yangu. Nimefunga kamba ya katani kutoka dirishani mpaka kwenye mlango, juu ya vichwa, upepo unapita na mende hawafiki. Kila mtoto atakuwa na kibanio chake chenye namba. Anayetaka kutundika anatundika, na anaamua mwenyewe ni karatasi ipi. Asiyetaka, kibanio kinakaa kitupu na simuulizi. Ikiwa kazi inahusu mambo ya nyumbani, kwanza aipeleke kwao aisome kwa sauti mbele ya mzee wake, halafu ndiyo irudi. Hili la mwisho nililipata kwenye kile kibao cha kisamvu. Mzee asitangulie kusikia maneno ya mwanawe mdomoni mwa mtu mwingine.

Mwalimu mkuu wangu hakufurahi sana. Kila ikikaribia Septemba 23, siku ya Elimu Bila Malipo, anataka kuta zipendeze, na huwezi kumlaumu, wageni hutazama kuta kabla ya kutazama watoto. Alinisimamisha chini ya mchoro wa kijana mmoja akanionesha kwa fimbo: "Hii nayo?" Tulikuwa tumesoma tufani ya 1872, ile iliyoipiga Unguja mwezi wa Aprili ikang'oa mikarafuu, na Pemba ikapona kwa sehemu kubwa, ndipo karafuu zilipohamia kwetu. Kijana kachora Unguja miti yote mizizi juu, minazi inaogelea baharini, na Pemba kisiwa kidogo pembeni, watu wamesimama ufukweni wanapunga mikono. Chini kaandika "Poleni wa Unguja". Ila "tufani" kaiandika "tufwani", na kisiwa cha Pemba kakipaka penseli nyeusi kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo. Mimi nauona ni mchoro bora kupita yote ya mwaka huu. Yeye anaona kosa limetundikwa.

Najua na wewe uko upande wake, uliwahi kuniandikia kuwa watoto hulinakili kosa kabla ya jambo la sawa. Kwa darasa la kwanza nakukubalia. Wangu ni la nne, mtoto anaweza kuandika neno sahihi chini ya lile alilokosea, kwa mkono wake, na wenzake wakaona yote mawili. Tumekubaliana na mkuu hivi: ukumbini kwenye wageni zinakwenda nakala safi, ndani ya darasa ni ruhusa yangu. Nimeshinda nusu. Alama siziweki kokote, si 10 si 3, na hilo hakunibishia, sijui kwa nini.

Yule msichana wa mpeta ndiye aliyeshika kamba tulipokuwa tunaifunga Ijumaa. Vibanio vyako nilikuwa sijavipeleka vyote, nilikuwa na vichache tu mfukoni vya kujaribia. Akaniomba kimoja. Akatoa karatasi kwenye daftari, akaikunja mara mbili maandishi yakawa ndani, akaibana. Wenzake wakamzoza, ati sasa nani ataisoma. Hakuwajibu. Jana nilikwenda skuli kuchukua madaftari, nikaikuta inacheza na upepo, na sikuifungua. Nilitaka, lakini sikuifungua.

Bado vinapungua 28, shoga. Nikipata 28 kila mtoto ana chake. Nunua vya mti kama vya safari hii, vya plastiki jua la dirishani linavikausha vinapasuka. Mpe mtu wa boti yoyote, aache bandarini kwa jina langu, nitatuma kijana. Mimi nakuandalia halua. Karafuu usinitake, zina wenyewe.

Wasalimie wote hapo, na mama mkubwa mwambie dawa ya goti nimemtafutia.

Wasalaam,
Shoga yako wa Wete