Vyuo vyetu vifundishe utafiti wa protini za utando

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie mjadala wa usugu wa dawa za malaria. Katika mjadala huu lawama karibu zote hutupiwa mgonjwa asiyemaliza dozi na mwenye duka anayeuza dawa bandia. Lawama hizo zina msingi, lakini zinaacha swali moja bila jibu: kimelea chenyewe hufanya nini hata dawa iliyokuwa ikikiua isikidhuru tena? Kwa upande wa klorokwini jibu tunalo. Limo ndani ya protini moja iliyopachikwa katika utando wa mafuta, na lilipatikana kwa aina ya utafiti ambayo, kwa maoni yangu, bado haijapewa uzito unaostahili katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki.

Wasomaji wa umri wangu hawajaisahau klorokwini, uchungu wake uliong'ang'ania kooni na mwasho uliowafanya wengi wakeshe wakijikuna. Pamoja na adha hizo ilikuwa dawa ya bei nafuu, ilifika hadi duka la kijijini, na dozi yake ilikwisha kwa siku tatu. Malawi iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1993, Kenya ikafuata mwaka 1998, na Tanzania Bara mwaka 2001. Kati ya siku usugu ulipoanza kuenea na siku sera zilipobadilishwa, watoto waliendelea kupewa dawa ambayo haikuwa ikiwaponya, na hilo ni jambo ambalo kila anayezungumzia usugu anapaswa kulikumbuka.

Kimelea cha Plasmodium falciparum kinapokaa ndani ya seli nyekundu ya damu hula himoglobini, protini nyekundu inayobeba oksijeni katika damu, na kuimeng'enya katika kifuko chenye asidi. Katika mmeng'enyo huo hubaki hemu, ambayo ni sumu kwa kimelea chenyewe, nacho hujikinga kwa kuigeuza kuwa fuwele zisizo na madhara. Klorokwini hupenya utando wa kifuko hicho ikiwa haina chaji. Ikishaingia kwenye asidi hupata chaji chanya, na kuanzia hapo haiwezi tena kurudi ilikotoka, kama samaki aliyeingia dema, hivyo hujikusanya humo na kuzuia fuwele zisijengeke mpaka kimelea kife kwa sumu ya chakula chake. Katika utando huohuo ipo protini iitwayo PfCRT, mnyororo wa amino asidi (vijenzi vya protini) 424 unaopita ndani ya utando mara kumi. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 2000. Katika kimelea kinachouawa na klorokwini, nafasi ya 76 ya mnyororo huo hukaliwa na amino asidi iitwayo laisini, yenye chaji chanya. Katika kimelea sugu hukaliwa na threonini, isiyo na chaji. Badiliko hilo dogo, likiandamana na mengine machache, huigeuza protini kuwa njia ya kuitolea dawa nje ya kifuko.

Kusoma badiliko katika jeni ni jambo moja, na kuiona protini yenyewe ilivyo ni jambo jingine, lililochukua takriban miaka 20 zaidi. Ugumu unatokana na makazi yake. Sehemu kubwa ya protini ya aina hii hugusana na lipidi, yaani mafuta yanayojenga utando, na haipatani na maji, kwa hiyo mtafiti hawezi kuitoa bila kutumia sabuni maalumu zinazochukua nafasi ya mafuta. Sabuni ikiwa kali mno, protini hukunjuka na kushikamana yenyewe kwa yenyewe: kimiminika kilichokuwa angavu asubuhi hukutwa jioni kimejaa utusitusi na vipande vyeupe chini ya kichupa, na maandalizi yote huanza upya. Hata pale protini inapovumilia, sabuni si utando. Lipidi zina mikia yenye urefu tofauti na vichwa vyenye chaji tofauti, na katika protini nyingi tofauti hizo ndizo zinazoamua kama mlango utafunguka au utabaki umefungwa. Ndiyo maana umbo lililopimwa nje ya lipidi laweza kuwa sahihi kwa sehemu na la kupotosha kwa sehemu, na mwenye kutaka kubuni dawa hawezi kuridhika nalo.

Mojawapo ya njia zilizosaidia ni nanodiski, iliyobuniwa katika maabara ya Stephen Sligar katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Ni kipande cha utando chenye upana wa nanomita kama 10 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), kilichozungushiwa mkanda uliotokana na protini inayobeba mafuta katika damu ya binadamu, na protini inayochunguzwa hupachikwa katikati yake ikiwa imezungukwa na lipidi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliiweka PfCRT ya kimelea sugu katika nanodiski, wakaiunganisha na kipande cha kingamwili kwa sababu peke yake ilikuwa ndogo mno kwa hadubini ya elektroni, wakaigandisha katika barafu nyembamba sana na kupata picha yake kwa ubora wa angstromu 3.2 (angstromu ni sehemu ya kumi ya nanomita). Kilichoonekana ni uwazi unaoelekea ndani ya kifuko cha kimelea, wenye kuta za chaji hasi, huku mabadiliko yanayoleta usugu yakiwa yamejipanga kuuzunguka. Hapo ndipo kazi ya laisini ya 76 inapoeleweka: chaji yake chanya huifukuza dawa yenye chaji chanya, na ikiondoka dawa hupata pa kupita. Watafiti hao hawakuishia kwenye picha, bali waliipachika protini hiyo katika viputo vya lipidi na kupima klorokwini ikivushwa, na kwa njia hiyo umbo na kazi vikathibitishana.

Pengine msomaji atauliza hayo yanatuhusu nini wakati klorokwini tuliiacha zamani. Yanatuhusu kwa sababu ya dawa mseto tunayoitegemea leo, ALu, yenye artemetha, ambayo ni ya jamii ya artemisinini, na lumefantrini. Kimelea chenye laisini katika nafasi ya 76, yaani kile kinachouawa na klorokwini, huivumilia lumefantrini kwa kiasi fulani kuliko kimelea chenye threonini. Matumizi ya ALu kwa hiyo yamekuwa yakiwapendelea vimelea vya umbo la zamani. Nchini Malawi vimelea sugu kwa klorokwini vilipungua hadi kutoweka baada ya dawa hiyo kuachwa, na utafiti uliofanyika Blantyre na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta inaponya watoto kwa asilimia 99. Katika utando wa kifuko hichohicho ipo pia protini ya PfMDR1, ambayo nayo hugusa nguvu ya lumefantrini. Sidai kwamba usugu wote umo kwenye utando; dalili za usugu kwa artemisinini zilizoripotiwa Rwanda, Uganda na mkoani Kagera zinahusishwa na jeni ya kelch13, ambayo haitengenezi protini ya kuvusha dawa. Lakini artemisinini ikilegea, mzigo wote utaiangukia dawa mwenza, yaani lumefantrini, na mustakabali wa dawa mwenza utaamuliwa kwa sehemu kubwa katika utando huo.

Najua jibu la kwanza litakuwa fedha. Ni kweli kwamba hadubini ya elektroni ya kiwango hicho hugharimu mamilioni ya dola, na sishauri kila chuo kinunue yake. Hata hivyo, kuzalisha protini kwa kutumia bakteria au hamira, kuisafisha, kuirudisha katika lipidi na kupima inavusha nini ni kazi zinazoweza kuanza katika maabara ya kawaida ya baiokemia yenye umeme wa uhakika. Uchakataji wa picha hufanyika kwenye kompyuta, na maumbo yaliyokwisha kupimwa yako wazi kwa kila mtu katika hazina ya Protein Data Bank. Programu ya AlphaFold, iliyowapatia Demis Hassabis na John Jumper sehemu ya Nobeli ya Kemia ya mwaka 2024, hukadiria umbo la mnyororo kwa muda mfupi, lakini haiwezi kukueleza dawa inavushwa kwa kasi gani; hilo hupimwa mezani. Wapo pia Waafrika waliokwisha kuonyesha njia, akiwemo Emmanuel Nji wa Kameruni, aliyeanzisha BioStruct-Africa ili kuwafundisha vijana wa bara hili taaluma hiyo.

Jambo linaloniuma ni mgawanyo wa kazi uliopo. Damu yenye vimelea hutolewa na watoto wetu, na watafiti wa Ifakara, Kilifi na Kampala wamejijengea heshima kubwa kwa kufuatilia vimelea hivyo na mabadiliko yake. Lakini ikifika hatua ya kuuliza protini iliyobadilika inafanyaje kazi ndani ya utando wake, swali huondoka nchini, na kwa kawaida mwanafunzi anayetaka kulifuata hulazimika kuondoka nalo. Badiliko jipya likionekana Kagera leo, ingefaa awepo mtu Dar es Salaam au Kampala anayeweza kuitengeneza protini hiyo, kuiweka katika lipidi na kusema baada ya miezi michache kama inaitoa dawa au la.

Naiomba Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia itenge ufadhili wa shahada za uzamili na uzamivu katika eneo hili mahususi, na vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere vishirikiane kuanzisha mafunzo ya pamoja ya vitendo, vikigawana vifaa badala ya kila kimoja kusubiri vyake. Nawe Mhariri, gazeti lako linapoandika tena kuhusu usugu wa malaria, tafadhali mtafuteni pia mwanabaiokemia mmoja mmuulize kinachotokea ndani ya kimelea.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa baiolojia, Morogoro