Njegere hazingoji nyuki

Rafiki yangu mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nimeona unavyohangaika kwa kuwa nyuki hawaonekani kwenye njegere zako. Ondoa shaka, njegere hazingoji nyuki.

Chukua tumba lililonenepa, lile linalokaribia kuchanua, ulipasue taratibu kwa kucha. Ndani kabisa utakuta petali mbili zilizoshikana, zimepinda mfano wa mtumbwi. Humo ndimo zilimo stameni 10, yaani viungo vya kiume vya ua, tisa zimeungana na moja iko peke yake, zote zimeizunguka ovari changa, ile itakayokuwa ganda. Gusa, utaona vumbi la njano kidoleni. Hiyo ndiyo chavua, unga wa kiume wa ua. Imeshamwagika na kuifikia stigma, ncha ya kike inayoipokea, na ua halijafunguka bado! Nyuki akija baadaye, kwa kawaida hukuta kazi imekwisha. Gregor Mendel, yule mtawa wa mji wa Brno aliyechunguza urithi, alipoanza kuchanganya aina za njegere mwaka 1856, ilimbidi afungue matumba mapema na kung'oa stameni kabla hazijapasuka, ili ua lisijichavushe lenyewe.

Linalonivutia mimi kuliko yote ni kwamba kila punje hutungwa kwa chembe yake ya chavua. Zinalala ganda moja, lakini kila moja ina urithi wake. Mendel alikuta punje za njano na za kijani ndani ya ganda lilelile. Vile vijipunje vidogo vilivyodumaa ndani ya ganda ni ovuli, yaani vijiyai vya ua vinavyokuwa punje, ambazo hazikurutubishwa, au zilirutubishwa kisha zikakwama njiani.

Ukiona ganda limerefuka na bado ni bapa, usilichume kwa kukata tamaa. Ganda hutangulia, punje hufuata. Lifungue moja uangalie: punje zimeshikamana na mshono mmoja tu, kila moja kwa kikonyo chake chembamba, zikipishana, hii nusu ya huku, ile nusu ya kule. Chakula hupitia hapo, na sehemu yake hutengenezwa na ganda lenyewe, maana ni la kijani na hutumia mwanga wa jua kama jani.

Cha kuogopa ni joto kali na ukame wakati wa maua. Hapo maua hupukutika. Mwagilia bila kukosa. Punje zikishajaa, chuma zingali laini na upike mapema, kwani sukari yake hugeuka wanga upesi. Za mbegu ziache zikaukie mmeani.

Pasua tumba hilo, kisha niandikie ulichokiona.

Wako,
Zainabu